Vipande Vitatu

Miaka mitatu tulijenga, mimi na Breixo,
ghorofani juu ya duka la viatu, mjini Lugo:
mtandao usio na mwenyewe,
usio na bwana wa kukupimia cha kuona
kama muuza sukari aliyeegemeza kidole kwenye mizani.
Kila kijiji na seva yake, kila seva na mlango wake,
na milango yote ikisikilizana.
Tulijipongeza kwa divai ya bei ya chini,
kisha tukaenda Quiroga, mvua ya Novemba ikipiga ubavuni,
kumtafuta mtu mmoja wa kawaida.

Obdulia ana saluni ya viti viwili.
Aliishika simu mbali na uso, vidole vina rangi ya nywele,
akasoma kwa sauti: "Chagua seva yako."
Akaniangalia.
"Huyu Seva ni mtoto wa nani?"

Nilieleza. Mungu anisamehe, nilieleza
dakika arobaini,
nikataja uhuru mara kumi na moja (Breixo alihesabu),
naye akaosha vichwa viwili, akakata kimoja,
akauliza jambo moja tu:
"Nikisahau nywila, nimlilie nani?"

Hakuna wa kuliliwa, nilimjibu kwa fahari.
Nikampa maneno ishirini na manne, ayaandike mahali salama.
Aliyaandika nyuma ya kalenda ya duka la dawa.
Januari ikaja na kalenda mpya.

Ile ya zamani aliwashia jiko.

Picha za mjukuu, salamu za Delmira, dadake aliyeko Buenos Aires,
vyote vikabaki humo ndani, vizima,
vimelindwa hata dhidi yake.
Hakunifokea. Laiti angenifokea.
Alirudi tu kwenye ule mtandao mkubwa wa matangazo:
"Kule wananiibia, mwanangu, najua.
Lakini wananifungulia mlango."

Tulifuta theluthi ya kazi yetu. Breixo alinuna wiki nzima.
Neno seva tulilizika bila matanga;
mahali pake tukauliza: "Unakaa karibu na nani?"
Na ufunguo tukaukata vipande vitatu,
kila kipande kwa mtu umtakaye.
Viwili vikikutana, mlango hufunguka.

"Nitajie watu watatu," nikamwambia.
Delmira. Amaro, muuza nyama.
Akafunga bomba.
"Na Hermitas."

Saluni ikanyamaza. Miaka tisa hawasalimiani,
kisa mtufaha ulioota juu ya mpaka wa mashamba yao,
matufaha yenyewe machachu, hata nguruwe huyasusa.
"Hermitas hasahau kitu," alisema.
"Nilichotamka siku ya mazishi ya mumewe
anacho mpaka leo, neno kwa neno."

Machi, simu ilitumbukia kwenye beseni la rangi.
Delmira alikuwa hospitalini, anapasuliwa nyonga.
Amaro alitoa kipande chake palepale kaunta,
kati ya maini na mbavu.
Kikabaki kimoja.

Mimi najua machache.
Najua kuwa kanuni yetu ilitaka sauti, si maandishi:
mwombaji aseme tarakimu sita, mwenye kipande azisikie.
Najua Obdulia hakuwa na namba ya Hermitas.
Najua ombi lilikaa siku sita,
na ya saba, saa tatu na dakika kumi na nne usiku,
vipande viwili vilikutana.

Mengine mfumo haukuandika. Tuliuunda usiandike.
Breixo aliuliza, nusu mzaha, kama kuna pa kuchungulia.
Hakuna. Nilipakagua mara mbili.

Asubuhi Obdulia aliweka picha ya mjukuu, kofia imemfunika nyusi.
Chini yake Hermitas, akaunti ya siku moja, aliandika:
"Ana masikio ya babu yake."

Sijui kama ile ni sifa.